Boga Lililovuka Wigo

Motria hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu wanaosimulia kisa hiki kule kijijini Verbivka huanza kwa kumtukana, na mtu akishaanza na matusi haoni tena jambo lilivyokwenda. Alikuwa mjane, mchapakazi, mwenye mdomo mkali, na duniani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Ustina.

Jioni hiyo alitoka na ndoo kwenda kuchuma matango ya kuhifadhi kwa chumvi. Pipa lilikuwa limeshaoshwa, shibiti na vitunguu saumu vipo mezani, na maji ya chumvi yanapoa jikoni. Jua lilikuwa limezama nyuma ya bwawa la shamba la ushirika, lakini joto la Agosti lilikuwa bado limekaa ardhini.

Alichuma tango la kwanza, akalifuta kwenye aproni, akaling'ata.

Chungu.

Akalitema. Hilo peke yake halikuwa ajabu. Mvua ilikuwa imegoma, na tango likikosa maji huwa chungu, kila mwenye bustani anajua. Lakini Motria alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni, anabeba maji kutoka kisimani mpaka mabega yanamuwaka moto. Akachuma jingine kwenye tuta la pili. Chungu. La tatu lilimtia ganzi ulimi. Akaendelea hivyo, aking'ata na kutema huku akilaani, mpaka akafika kwenye wigo wa fito wa nyuma, unaotenganisha bustani yake na ya bibi Yavdokha.

Mmea wa boga ulikuwa umepita chini ya wigo.

Haukuwa wake. Yeye maboga yake alikuwa ameyapanda upande wa zizi, na mwaka huo yalikuwa yanaangusha maua bila kuzaa. Huu ulitoka kwa Yavdokha, shina nene lenye vinywele vikali, na haukutambaa ovyo kama maboga yanavyotambaa. Ulikuwa umekata matuta ya matango katikati, ukanyooka moja kwa moja hadi ukutani, chini ya dirisha la chumba cha Ustina. Vikono vyake vilikuwa vimeshajizungusha kwenye fremu ya dirisha. Jana hapakuwa na kitu pale. Motria angeweza kuapa.

Na chini ya dirisha palikuwa na boga changa, moja tu, la ukubwa wa ngumi. Ua lake lilikuwa bado liko kwenye ncha, bichi, la njano, limefunguka wazi.

Ua la boga hufunguka alfajiri na kujikunja kabla ya mchana. Na boga likishafika ukubwa ule, ua huwa limeshanyauka na kuanguka zamani. Motria aliinama. Hewa ilikuwa kavu mno, vumbi tupu, lakini pale palinuka tope. Tope la bwawa, na magugu ya majini yaliyooza...

Akanyoosha mkono, akaligusa.

Lilikuwa na joto. Na ndani yake, chini ya kiganja chake, kitu kilipiga. Kikanyamaza. Kikapiga tena.

Aliacha ndoo palepale.

Sasa, kwa nini mwanamke mtu mzima, aliyemzika mume na kuvuka njaa na vita, akimbie boga? Kwa sababu alilijua boga lile lilikotoka. Alilitoa yeye mwenyewe.

Vuli iliyopita washenga walikuja kumposa Ustina. Walitumwa na Timish, mtoto wa Yavdokha, mchunga ng'ombe wa shamba la ushirika, kijana mrefu mwenye kucheka ovyo na buti moja lililotoboka. Verbivka watu hawakatai posa kwa maneno. Msichana akikubali, washenga hufungwa taulo za kutarizi. Akikataa, mposaji hupewa boga mikononi, akaondoka nalo, na kijiji kizima kikaelewa. Ustina alikuwa ameshazitoa taulo kwenye sanduku. Alikuwa anatabasamu, mpumbavu yule, mbele za watu. Motria alimpita, akaenda ghalani, akarudi na boga kubwa kuliko yote, akalitia mikononi mwa Timish yeye mwenyewe.

Hakuwa na chuki na kijana. Lakini Arkadi, dereva wa lori, alikuwa ameshaanza kuuliza habari za Ustina, na lori si mchezo. Halafu Yavdokha alisemwa kuwa ni mchawi, kwamba hukamua ng'ombe wa watu akiwa amekaa kwake, kwa kuminya tu ncha za taulo. Motria hakuwahi kuona. Alichukua maneno ya watu kwa sababu yalimfaa.

Wanaokataliwa hulitupa boga mtaroni, usiku usiku. Timish hakulitupa. Alilibeba kifuani mchana kweupe, akalipeleka kwa mama yake, na mama yake akalipika, wakala, na mbegu akazianika juu ya jiko. Mwezi wa Mei alizipanda. Mwezi huohuo ndama wa ushirika alinasa kwenye tope la bwawa, Timish akaingia kumtoa. Ndama alitoka.

Mazikoni Ustina hakulia mbele ya watu. Motria, kusema kweli, alishusha pumzi. Hakufurahi. Alishusha pumzi tu, na tofauti hiyo alijieleza mwenyewe mara nyingi sana kitandani.

Tangu hapo binti alikuwa anaisha. Uso ulimsawajika. Kitunguu kikikaangwa alikuwa anakimbilia uani kutapika, na mkate mweusi aliokuwa akiupenda aliusukuma pembeni. Alikuwa akisinzia mchana, akiamka ana macho ya mtu aliyetoka mbali. Motria aliyatazama hayo yote kwa macho mawili, yeye aliyewahi kubeba mimba na kuzaa, akaona jambo moja tu: maiti anamnyonya mtoto wangu. Kila mtu kijijini alikuwa amesikia habari za wachumba waliokufa kabla ya ndoa, wanaorudi kuchukua walichonyimwa.

Jioni ya pili aliamua kuvizia. Alijibanza kwenye kona ya zizi, giza lilipoanza tu kuingia, wakati ambapo mtu bado anaona umbo lakini haoni uso. Dirisha la Ustina lilifunguka taratibu. Binti akainama nje, nywele zimemwangukia, akaushusha mkono chini hadi kwenye boga. Lilikuwa limekua. Siku moja tu, na lilikuwa limefikia ukubwa wa kichwa. Akalipapasa.

"Bado kidogo," alinong'ona. "Mama bado hajajua. Vumilia kidogo tu..."

Na kitu kikamjibu.

Hayakuwa maneno. Ilikuwa sauti ya maji yanayomezwa. Glu... glu... Ilitoka pale chini kwenye majani mapana, ambapo hapakuwa na mtu. Ustina akacheka. Alicheka kwa sauti ndogo, kicheko ambacho Motria hakuwa amekisikia tangu washenga wale waondoke.

Dirisha lilipofungwa, Motria alisogea na kibatari mkononi. Kati ya matuta ya matango, kwenye vumbi lililokauka majuma na majuma, kulikuwa na nyayo. Nyayo za mwanaume, pekupeku, kubwa. Zilitoka kwenye wigo hadi dirishani.

Zilikuwa zimejaa maji.

Hakuna nyayo zilizorudi.

Kesho yake, jua likizama, alimsubiri Yavdokha kwenye wigo. Bibi alikuja akiburuta miguu, mfupi, mweusi wa jua, kitambaa cha msiba kimefungwa hadi kwenye nyusi. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ya boga. Hata mazikoni Motria alikaa nyuma. Sasa alimwambia, bila salamu, kwamba mmea wake umevuka mpaka na ataukata.

Yavdokha aliutazama mmea, halafu akamtazama Motria.

"Umetambaa wenyewe," alisema polepole. "Mimi hata maji sijaupa. Nani ana nguvu za kubeba maji siku hizi?"

"Usinizunguke, Yavdokha. Kuna mtu anatembea bustanini kwangu."

"Najua. Na kwangu anapita."

Motria alikuwa ametegemea bibi akane, aape, amwite mwendawazimu. Alishika fito za wigo akanong'ona, "Mwambie aniachie mwanangu. Niliyemkataa ni mimi. Anidai mimi."

"Hakudai wewe wala mwanao." Bibi alikuwa ametupa mkono juu ya jani moja lililopita kwenye uwazi, analipangusa vumbi. "Muache akae karibu mpaka boga likomae. Likishakomaa atakwenda zake, sote tutapumzika. Usiukate mmea. Na hicho kidole chako kikae mfukoni, unanisikia?"

"Kwa nini?"

"Muulize mwanao. Si kazi yangu kumsemea."

Hapo, msomaji, ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nyumba ilikuwa hatua chache tu. Ustina alikuwa jikoni anamenya viazi. Ilikuwa kiasi cha kuingia, kukaa, na kuuliza, mwanangu una nini. Lakini Motria hakuwa na mazoea ya kuuliza. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyejua, na wengine waliambiwa. Aliingia, akamkuta binti, akamwambia viazi anavimenya maganda manene mno, anatupa chakula.

Alichokisikia yeye katika maneno yote ya Yavdokha ni kidole.

Verbivka mtoto hukatazwa kunyoosha kidole bustanini kabla hajafundishwa sala. Ukilinyooshea kidole boga changa, litanyauka. Tango hivyohivyo. Watu wazima huonyeshana kwa ngumi iliyofumbwa: lile pale, lione lilivyonona. Ustina alipokuwa mdogo aliwahi kunyoosha kidole akihesabu maboga, na Motria alimchapa mkono mpaka ukavimba. Asubuhi yake maboga mawili yalikuwa yameoza kitovuni. Inawezekana ni baridi tu. Lakini yalioza.

Kuukata mmea kulikuwa na hatari zake. Shina lililokatwa huonekana, Yavdokha angejua mkono wa nani, na mchawi aliyekasirishwa si wa kukaa naye ukuta kwa ukuta. Kidole hakiachi alama. Kidole hakuna anayekishtaki. Motria alikata shauri, usoni akiwa ametulia kabisa, akaosha vyombo, akavikausha, akavipanga.

Ilikuwa jioni ya kuamkia sikukuu ya kubariki matunda. Ustina alikuwa amesema kichwa kinamuuma, akaenda kulala mapema. Motria alitoka. Upepo haukuwepo. Vyura wa bwawani, ambao huwa hawanyamazi, walikuwa wamenyamaza.

Boga lilikuwa pale chini ya dirisha, jeupe gizani, limejaa, limelalia majani yake. Alisimama mbele yake. Harufu ya tope ilimpanda mpaka kooni. Akasikia nyuma yake, kwenye tuta, hatua moja. Chwa... Hakugeuka. Akasikia ya pili. Karibu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kitu fulani, tone, tone, juu ya majani.

"Hapana," sauti ilisema nyuma ya sikio lake. Ilikuwa sauti ya kijana, imejaa maji, na haikutisha. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi baadaye. Ilikuwa inaomba. "Hapana, mama... tafadhali..."

Motria alipiga moyo konde, akainua mkono wa kulia.

Akalinyooshea kidole.

Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu kikonyo kikapiga weusi, weusi ukashuka kwenye boga mstari kwa mstari, ngozi ikalegea, na kutoka ndani pakatoka pumzi. Pumzi moja, ndogo. Boga likajikata lenyewe, likabingirika, likatua miguuni pake. Nyuma yake maji yaliacha kudondoka. Alipogeuka palikuwa pakavu, patupu, na vyura walikuwa wanalia kama kawaida.

Motria alitabasamu. Alisema, kwa sauti, nimekuokoa mwanangu.

Ustina akapiga ukelele ndani ya nyumba.

Nesi wa kijiji alikuja na mkoba wake, akafunga mlango wa chumba. Motria alisimama jikoni akichemsha maji ambayo hakujua ni ya nini. Damu ilikuwa imepita godoro. Nesi alipotoka alikuwa anajifuta mikono, na alizungumza naye kama mtu anayezungumza na mwenye kujua: ilikuwa kama miezi mitatu hivi, binti atapona, bado kijana. Mimba za mwanzo hutoka, alisema, hasa mtu akiwa na huzuni nzito na akila vibaya. Akamwambia pole kwa mjukuu.

Mjukuu.

Motria alikaa chini. Hesabu haikuwa ngumu, Mei hadi Agosti, hata yeye asiyekwenda shule aliimaliza kabla nesi hajafika getini. Kijana hakuja kumchukua Ustina. Alikuwa anakuja kuangalia cha kwake.

Alipoingia chumbani, Ustina alikuwa amegeukia dirisha, mweupe, midomo imepasuka. Hakulia. Motria alianza kusema, akasema mambo mengi kwa pamoja, kwamba hakujua, kwamba alidhani, kwamba mama gani angekaa akitazama... Binti alimwacha mpaka akaishiwa.

"Nilikuwa nimekaa macho," alisema. "Nilikuona kupitia dirishani."

"Ustina..."

"Niliona mkono wako. Nikasema, ataushusha. Ni mama yangu, ataushusha."

Nje kulikuwa na mtu. Yavdokha alikuwa amepita kwenye uwazi wa wigo, hakubisha hodi, hakumtazama yeyote. Alipiga magoti chini ya dirisha, akavua kitambaa chake cha msiba, nywele zake nyeupe zikabaki wazi, akalifungia boga lile ndani yake. Alilifunga kwa uangalifu, ncha hii juu ya ncha ile, akaliinua na kiganja akakiweka chini yake, pale ambapo mtu huweka kiganja kumshika mtoto shingo isianguke. Motria alimwambia kupitia dirishani aliache, limeshaoza.

"Kwenu kila kitu huwa kimeoza," Yavdokha alijibu, akaenda zake.

Maneno yalipita kijijini, kama yanavyopita. Washenga wa Arkadi hawakutokea vuli ile, wala lori lake halikusimama tena mbele ya geti. Ustina alipopata nguvu za kutembea alikunja nguo zake kwenye shuka, akapita bustanini, akaingia kwa Yavdokha. Motria alimfuata hadi kwenye wigo akimwita. Alimtishia, akamwahidi, mwisho akamsihi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Binti hakugeuka. Waliozoea kupima mambo wakasema ni huzuni, itapita kabla theluji haijayeyuka.

Theluji iliyeyuka. Yavdokha na Ustina walilima pamoja, wakapanda, na mmea wa boga mwaka huo ulikaa upande wao. Mara nyingine jioni, Motria alisikia mazungumzo kutoka nyumba ile. Bibi anasema jambo, Ustina anacheka. Halafu kimya kifupi, na wote wawili wanacheka tena, kwa jambo lililosemwa na mtu wa tatu. Alimuuliza mama mmoja wa mtaa wa nyuma nani anaishi pale. Mama yule akasema, si unajua, wanawake wawili tu, nani mwingine?

Kiangazi kilipofika hakuweza tena kuvumilia. Alipika maandazi ya jibini, yale aliyokuwa anampikia Ustina siku za homa, akayafunika kwa kitambaa safi, akaenda wakati wa magharibi. Hakupita bustanini. Alizunguka njia yote hadi mlango wa mbele, kama mgeni mwenye adabu. Aligonga.

Ustina alifungua. Alikuwa amenenepa kidogo, mashavu yamerudi, na kwenye bega la kushoto blauzi yake ilikuwa na alama ya unyevu, pale ambapo mtoto aliyebebwa huegemeza mdomo. Alimtazama Motria bila hasira yoyote. Motria alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa na majibu ya hasira.

"Jioni njema, shangazi Motria," Ustina alisema. "Umepotea njia?"

Motria alifungua mdomo kusema mimi si shangazi yako. Lakini kabla neno halijatoka, ndani kabisa ya nyumba, nyuma ya pazia, sauti ndogo, imejaa maji, iliita:

"Mama..."

Wote wawili, Motria na Ustina, waliitika.

Ustina akamtazama mara moja, kwa huruma hivi, akafunga mlango, akaenda kumwona aliyemwita.